Matanga ya Mtaa wa Zumari

Nchi ninayoisimulia haipo. Nasema mapema ili anayetaka kunipeleka polisi asipoteze nauli yake bure. Haipo katika ramani, kwa sababu ramani yake bado iko juu ya meza ya mkubwa fulani ikingoja saini, na mpaka itakapotiwa saini hata mito yake inapita kwa kukisia. Lakini watu wake wapo. Wanakula, wanaoana, wanapanga foleni, na wana serikali inayowapenda kiasi kwamba haiwaachi peke yao hata kidogo.

Katika nchi hiyo kuna mji mdogo uitwao Kisimani Juu, ambao hauna kisima na hauko juu. Katikati ya mji kuna Mtaa wa Zumari. Zamani mtaa huo ulikuwa na sinema, baa, wachoma mishkaki mstari mzima, na kumbi za dansi zilizopakana ukuta kwa ukuta, hata mtu aliweza kuanza rumba ukumbi huu akaimalizia ukumbi wa pili, tena na mke wa mwenzake. Kisha starehe ikahama polepole. Sinema ikawa ghala la saruji. Baa zikawa vibanda vya kutuma pesa kwa simu. Kumbi zikafungwa moja moja, nyingine kwa kukosa wateja, nyingine kwa kukosa paa.

Ukabaki mmoja tu, Ukumbi wa Pumzika, mali ya mjane mmoja aitwaye Bi Siwatu. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mwenye ukumbi, mfagiaji, mkata tiketi na mwimbaji. Kila Jumamosi, kuanzia saa kumi alasiri hadi magharibi, palikuwa na dansi. Walikuja wauguzi wastaafu, makarani wa posta ambayo haipo tena, mabibi waliojifukiza udi mpaka mbu wakahama mtaa, na wazee waliong'arisha viatu tangu Alhamisi. Hawakuwa wengi, lakini walikuwa wanacheza.

Aliyepiga gitaa la solo alikuwa Mzee Pandu, kaka wa marehemu mume wa Bi Siwatu. Na hapa niseme wazi, maana mbele wataingia mawaziri wengi na msomaji anaweza kudhani hadithi ni yao. Hadithi hii ni ya Mzee Pandu. Kichwa chake kilikuwa kimeanza kumtoroka. Alisahau majina ya wanawe, alisahau njia ya sokoni, alivaa shati juu ya shati akashangaa kwa nini kuna joto. Lakini Jumamosi, akipakatishwa gitaa, kila kitu kilirudi: vidole, nyimbo, utani, hata ugomvi wake wa zamani na mpiga dramu. Baada ya dansi alikaa siku kadhaa akiwa mtu kamili, kisha akaanza kufifia tena, kisha Jumamosi ikafika. Bi Siwatu hakuwa na dawa nyingine. Daktari wa mji aliwahi kumwandikia vidonge vya minyoo, kwa kuwa ndivyo vilivyokuwepo.

*

Sasa, Waziri wa Furaha na Utulivu, Mheshimiwa Gaudensi Mtukuka, alisafiri kwenda ng'ambo kujifunza namna mataifa mengine yanavyofurahi. Alijifunza sana. Alijifunza kwa muda mrefu kuliko ilivyopangwa, na mashati aliyojifunzia yalionekana kwenye picha. Aliporudi alitangaza, palepale uwanja wa ndege, kwamba furaha ya wananchi iko chini ya kiwango na kwamba serikali imeamua kufufua mitaa ya starehe iliyokufa, kwa kuanzia na Mtaa wa Zumari.

Tulipiga makofi. Nilikuwepo, nilipiga mpaka viganja vikawaka.

Likaja bango. Lilikuwa kubwa kuliko sinema yenyewe, na lilionyesha Mtaa wa Zumari utakavyokuwa: majumba ya vioo, miti iliyopukutika majani, na watu wamevaa makoti mazito wakitembeza mbwa wenye nywele ndefu. Kombo, muuza mishkaki wa mwisho aliyebaki mtaani, alilitazama asubuhi nzima akijitafuta. Alipojikosa, akauliza ni lini itaanza kunyesha hiyo baridi. Aliambiwa hilo liko awamu ya pili.

Baada ya bango akaja Injinia Filbati, Mkurugenzi wa Ufufuaji. Alikuwa kijana mwenye tai, miwani, na gari ambalo liliachwa likiunguruma hata yeye akiwa ndani ya nyumba za watu, ili ijulikane kwamba ana haraka. Alifika Jumamosi, saa kumi na moja, dansi limekolea.

“Shikamoo, mama,” alimwambia Bi Siwatu mlangoni.

“Marahaba, mwanangu. Ingia ucheze, tiketi ntakusamehe leo.”

“Siwezi kucheza, niko kazini. Mama, hapa kuna tatizo.”

“Tatizo gani tena?”

Injinia alichungulia ndani, akashusha sauti. “Kuna watu wanafurahi.”

Bi Siwatu akageuka kutazama kama kuna wageni asiowajua. “Si ndiyo kazi yenyewe ya ukumbi?”

“Hujanielewa. Wataalamu wameandika kwamba mtaa huu umekufa. Waziri amesema umekufa. Mpango mzima umepitishwa kwa sababu umekufa. Sasa nikileta wakaguzi hapa wakute wazee wanakata viuno, mimi nitaeleza nini?”

“Eleza haujafa.”

“Mama, ukiwa haujafa hatuwezi kuufufua.”

“Basi msiufufue, mwanangu. Tuacheni hivihivi.”

Injinia alimtazama kwa ile huruma ambayo wataalamu wetu huwawekea wananchi wasioelewa maendeleo. Kisha akatoa kufuli mfukoni. Alikuwa amekuja nalo.

Kifo kilitangazwa Jumatatu kwa heshima zote. Daktari wa wilaya aliletwa, akaweka sikio kwenye ukuta wa Ukumbi wa Pumzika, akasikiliza, akatikisa kichwa. Injinia Filbati akasoma tamko: Mtaa wa Zumari umefariki dunia kisheria na kitaalamu, na kuanzia siku hiyo ni marufuku mtu yeyote kuonyesha dalili za uhai ndani yake hadi serikali itakapoufufua. Ni lini itaufufua, hilo lilikuwa linashughulikiwa. Wananchi tuliombwa tuwe na subira, na kwa kuwa tunayo nyingi, tukatoa.

*

Jumamosi ya kwanza bila dansi, Mzee Pandu alivaa suti yake, akakaa barazani kwa Bi Siwatu akingoja kuitwa. Hakuitwa. Jumamosi iliyofuata hakuvaa suti. Bi Siwatu alijaribu kumpa gitaa nyumbani, lakini alilipakata kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa jirani. Gitaa peke yake halikuwa kitu. Alihitaji dramu nyuma yake, viatu vya watu sakafuni, na mtu wa kumzomea akikosea.

Jumapili moja asubuhi Bi Siwatu alimpelekea chai na vitumbua. Mzee Pandu alimwona anakuja, akajiinua kwenye kiti kwa adabu, akavua kofia.

“Shikamoo, mama,” alisema.

Bi Siwatu alisimama na birika mkononi. Mtu mzima yule, anayemzidi umri, aliyemtania tangu siku alipoletwa bibi harusi katika nyumba ile, leo anampa shikamoo.

“Shemeji,” alisema, “mimi Siwatu. Shikamoo wewe.”

“Aa, vizuri sana, mama. Na mumeo hajambo?”

Mumewe alikuwa mdogo wake Mzee Pandu, wa tumbo moja, na walimzika pamoja. Bi Siwatu akajibu kwamba hajambo. Akamimina chai, akamwachia vitumbua, akarudi nyumbani kwake akiwa na hasira ambayo hakuwahi kuwa nayo tangu azaliwe. Nami, ingawa ni mwananchi mtiifu, nakiri kwamba nikiikumbuka shikamoo ile huwa naikasirikia serikali kidogo. Kisha hupita.

*

Jumatatu alfajiri Bi Siwatu alikuwa mlangoni kwa Injinia Filbati.

“Nataka kuhakikisha,” alisema. “Mtaa wangu umekufa kweli?”

“Umekufa kabisa, mama. Usiwe na wasiwasi.”

“Kisheria?”

“Kisheria na kitaalamu. Daktari amethibitisha.”

“Na mimi niliyekuwa naishi nao miaka yote hii, ni nani wake?”

Injinia hakulitegemea swali hilo, lakini alikuwa amelelewa vizuri na mama yake. “Nadhani wewe ndiye mfiwa,” alisema. “Pole sana, mama.”

“Nimeshapoa,” alisema Bi Siwatu, akaondoka.

Hapa inabidi nieleze jambo. Katika nchi yetu mikusanyiko imekatazwa. Watu wakizidi wachache bila kibali, hiyo ni fujo. Wakicheka, ni uchochezi. Lakini matanga hayakukatazwa. Yangekatazwaje? Wakubwa nao hufa, tena kwa wingi kuliko walivyotarajia, na hakuna mkubwa anayetaka kuzikwa na watu wachache wenye kibali. Kwa hiyo sheria ilipotungwa, matanga yaliachwa nje, yakae muda wowote, yajaze watu wowote, na polisi akipita anavua kofia.

Saa tatu asubuhi Bi Siwatu alijifunga kanga kiunoni, akatandika jamvi mbele ya mlango wa ukumbi uliofungwa, akaketi, akapiga ukelele uliosikika mpaka sokoni.

“Uwiii! Nimefiwa mie! Jamani, nimefiwa!”

Watu wa Kisimani Juu wanaweza wasijue mambo mengi, lakini matanga wanayajua. Hakuna aliyeuliza amekufa nani. Hilo huulizwa baadaye, ukishashika kazi. Turubai likatoka msikitini, viti vikatoka kanisani, masufuria yakatoka kila mahali. Wanawake wakaanza kuchambua mchele, wanaume wakaanza kucheza karata, ambayo ni kazi yao ya kawaida msibani. Ilipofika adhuhuri mtaa ulikuwa umejaa kuliko ulivyowahi kujaa tangu sinema ifungwe. Ndipo mtu akauliza, na alipoambiwa aliyekufa ni mtaa wenyewe, akafikiri kidogo, akasema, “Kweli, alikuwa mtu wa watu,” akaendelea kugawa karata.

Na mjini kwetu marehemu huliliwa kwa kazi yake. Akifa mvuta mkokoteni, mikokoteni humsindikiza. Akifa mwalimu, wanafunzi humwimbia hesabu za kuzidisha. Sasa mtaa wa dansi utauliliaje? Mpiga dramu aliiweka dramu yake chini ya turubai bila kuambiwa. Mwenye besi akafika. Mzee Pandu akaongozwa kwa mkono, akakalishwa, akapakatishwa gitaa.

Wimbo wa kwanza vidole vilikuwa vinapapasa. Kombo akamzomea. Wimbo wa pili wazee wakasimama, viatu vikaanza kusugua vumbi, na Bi Siwatu akaimba pale pale jamvini. Katikati ya wimbo wa tatu Mzee Pandu akainua macho, akatazama juu.

“Shemeji!” alipaza sauti. “Turubai hili umeazima kwa nani? Bovu kama paa la baba yako!”

Bi Siwatu alikimbilia nyuma ya masufuria akalia machozi yasiyozuilika. Waombolezaji wakaguswa sana. Walisema huyo sasa ndiye mfiwa, siyo wale wanaolia huku wanachungulia pilau.

*

Polisi walikuja, wakavua kofia, wakapewa sahani. Injinia Filbati alikuja akiwa amefura kwa hasira, lakini mtu haingii matangani akafoka, hata awe nani. Akapeana mikono na kila mtu kuanzia mlangoni, akakaa kwenye kiti alichopewa, akasema “Poleni sana,” na akajikuta na sahani mapajani.

Kisha habari ikamfikia Waziri Mtukuka. Katika nchi yetu kiongozi anaweza kukosa kikao, anaweza kukosa bunge mwaka mzima, anaweza kukosa aibu. Matanga hakosi. Ukikosekana matangani, watu huanza kuulizana kama ni wewe uliyemroga. Waziri hakuuliza marehemu ni nani. Aliuliza watu ni wangapi, akaambiwa ni wengi, akaagiza msafara.

Alifika na magari mengi, akavaa uso wa huzuni alioutumia misiba yote, akasimama chini ya turubai.

“Ndugu mfiwa, itifaki imezingatiwa,” alisema. “Serikali imepokea kifo hiki kwa mshtuko mkubwa. Marehemu nilimfahamu mimi mwenyewe. Alikuwa mchapakazi, mcha Mungu, na mwanachama hai wa chama. Ameacha pengo ambalo haliwezi kuzibika, ingawa tayari tumeunda tume ya kuliziba.” Watu wakaitikia kwa huzuni. Waziri akaona mambo yanakwenda vizuri, na hapo ulimi wake ukafanya kama ulivyozoea kwenye kila msiba wenye watu wengi. “Kwa niaba ya serikali, natamka mbele yenu na mbele ya redio ya taifa: kuanzia leo, mchele, sukari, chai, mafuta ya jenereta, na mahitaji yote ya msiba huu yatakuwa juu ya serikali, mpaka siku mfiwa mwenyewe atakapoanua matanga!”

Makofi yalipigwa ambayo hayajawahi kupigwa msibani. Injinia Filbati alikohoa, akakohoa tena, akapewa maji.

Kuanua matanga, kama mjuavyo, ni haki ya mfiwa. Siku anayoona machozi yametosha, anawashukuru watu, majamvi yanakunjwa, kila mtu anarudi kwake. Hakuna anayeweza kumharakisha. Siku ya tatu ikapita, Bi Siwatu hakuanua. Hitima ikasomwa, hakuanua. Arobaini ikafika, akasema bado ana uchungu.

“Bado?” Injinia Filbati aliuliza.

“Mwanangu, we si ndo ulosema umekufa? Nachelewa kusahau, mie.”

Na kila siku alasiri walilia. Walilia rumba, walilia chacha, walilia na twisti. Watu wa miji mingine walipanda mabasi kuja kutoa pole na wakakaa wiki. Walipokosa mahali pa kulala, vijana wakahamisha saruji kutoka kwenye sinema ya zamani, wakakuta pazia lake bado liko ukutani, na jioni hiyohiyo ikaonyeshwa filamu ya kuwafariji wafiwa. Wachoma mishkaki walirudi mstari mzima. Fundi viatu alifungua kibanda cha soli za waombolezaji. Mzee Pandu alikuwa anapiga kila siku, na kila siku alimkumbusha mpiga dramu kosa alilofanya kwenye harusi moja ya zamani, akitaja mpaka rangi ya suruali aliyovaa. Kila mwezi Injinia Filbati alipeleka taarifa wizarani yenye maneno yaleyale: “Marehemu anaendelea vizuri.”

*

Jambo lililoharibu starehe hiyo ni kwamba wananchi wengine nao wana macho.

Kwanza walikuja watu wa kata ya stesheni. Waliomba reli yao itangazwe rasmi kuwa imekufa, kwani treni ya mwisho walikuwa wanaisikia kwa wazee. Wakafuata wagonjwa wa hospitali ya wilaya, waliotembea kwa miguu kuomba hospitali yao ipewe hadhi ya marehemu, ili angalau wapate chai yenye sukari. Wazimamoto walileta gari lao kwa kulisukuma. Maktaba, bomba la maji, chama cha wakulima, mahakama ya mwanzo, wote walisimama foleni nje ya wizara na wafiwa wao, majamvi kwapani, wakingoja daktari aje aweke sikio.

Serikali ikaogopa. Baraza la Mawaziri lilikaa, likaona kwamba nchi nzima ikitangaza misiba yake siku moja hakutakuwa na mchele duniani wa kutosha. Likatoka na tamko fupi kuliko yote ninayoyakumbuka: katika nchi hii hakuna kitu kilichokufa, hakijawahi kufa kitu, na atakayesema kimekufa ni adui wa uhai.

Injinia Filbati alilileta mwenyewe kwa Bi Siwatu. Alikuwa amenenepa kidogo kwa pilau.

“Kwa hiyo mtaa haujafa?” Bi Siwatu aliuliza.

“Haujawahi kufa, mama. Ilikuwa kosa la kitaalamu.”

“Na daktari aliyeweka sikio?”

“Sikio hilo limehamishiwa wilaya nyingine.”

“Na dansi langu la Jumamosi?”

“Dansi lako lipo, mama. Lilikuwepo siku zote.” Akatoa ufunguo wa lile kufuli, akauweka jamvini. “Ila itabidi uanue matanga. Na Waziri anataka kuja kuadhimisha.”

Bi Siwatu aliutazama ufunguo, kisha akamtazama Mzee Pandu aliyekuwa anafunga waya mpya kwenye gitaa. Alikuwa amepata alichokitaka. Akaanua matanga siku hiyohiyo, akawashukuru watu, akafagia ukumbi.

*

Sherehe ya Kuadhimisha Uhai wa Mtaa wa Zumari ilipangwa Jumamosi, saa kumi. Kamati ilitandika zulia jekundu mahali pa kuchezea, ikapanga makochi ya wageni juu yake, hata wazee waliokuja na viatu vilivyong'arishwa wakasimama nje wakichungulia dirishani. Bendi iliamriwa ikae na vyombo vyake jukwaani na isitoe hata mlio mmoja mpaka mgeni rasmi amalize hotuba, kwa kuwa mlio wa gitaa mbele ya mgeni rasmi ungehesabika kama kumkatiza.

Waziri akahutubia. Alieleza jinsi alivyoufufua mtaa huu, kisha akakumbuka kwamba haukufa, akaeleza jinsi alivyouzuia usife. Alishukuru ng'ambo. Alieleza furaha ni nini, aina zake, na changamoto zake. Jua likashuka. Bi Siwatu hakuwa anasikia neno hata moja. Alikuwa anamtazama shemeji yake pale jukwaani. Mwanzoni Mzee Pandu alikuwa anagonga mguu, akingoja. Kisha mguu ukatulia. Kisha vidole vikalegea juu ya nyuzi, macho yakaanza kutangatanga juu ya watu kana kwamba ameshuka stesheni asiyoijua. Kimya kile kilikuwa kinamchukua, naye Bi Siwatu alikiona kikimchukua na hakuweza kufanya kitu, maana polisi walikuwa mstari wa mbele na safari hii hawakuvua kofia.

Alimvuta Injinia Filbati mkono. “Mwambie amalize. Nakuomba, mwanangu. Mzee wangu anaondoka.”

“Anaondoka kwenda wapi? Amepangiwa kutoa ushuhuda.”

Na kweli, Waziri alikuwa amegeukia jukwaa. “Sasa tumsikie mzee wetu huyu,” alisema, “msanii mkongwe, aliyekuwepo siku zote, awathibitishie wananchi kwa kinywa chake kwamba mtaa huu haujawahi kufa. Karibu, mzee.”

Mzee Pandu alisimamishwa. Akasogezwa mbele ya kipaza sauti cha pili, redio ya taifa ikisikiliza. Alitazama makochi, suti nyeusi, watu wengi waliokaa kimya bila kucheka. Alimtazama Waziri aliyesimama amefumbata mikono tumboni. Akamwendea, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akainamisha kichwa.

“Pole sana, mwanangu,” alisema. “Nani amekutoka?”

Mtu mmoja dirishani alicheka, akazibwa mdomo na mkewe. Bi Siwatu alifumba macho.

“Hapana, mzee,” Waziri alisema, akijaribu kuutoa mkono wake bila redio kujua. “Hakuna msiba hapa. Hakuna aliyekufa.”

“Hakuna aliyekufa?”

“Hakuna hata mmoja, mzee. Waambie wananchi. Nchi nzima, hakuna.”

Mzee Pandu aliuachia ule mkono. Alitazama dramu iliyokaa kimya, besi iliyokaa kimya, na gitaa lililokuwa linaning'inia shingoni mwake mwenyewe, na uso wake ukawa wa mtu aliyekuta nyumba yake imefungwa na wageni.

“Basi kama hakuna aliyekufa,” aliuliza, “mbona mmezima muziki?”

Waziri alitazama karatasi zake, na jibu halikuwemo. Mzee Pandu akangoja kama mtu mwenye adabu anavyongoja, kisha akageuka, akamtafuta mtu kwa macho katikati ya suti zile, akampata kando ya mlango na ufagio wake.

“Shemeji,” alisema, “imba.”

Waziri alikuwa ameshavikamata vipaza sauti vyote viwili, kwa hiyo Bi Siwatu aliimba bila kipaza sauti.